Mikono ya Namnyaki Ilipogoma Kukama

Ng'ombe wa Namnyaki hawakukubali kukamwa na mtu mwingine. Mwanamke yeyote aliyechuchumaa ubavuni mwao na kibuyu alipigwa teke, au alipata maziwa ya kulowesha kidole tu. Namnyaki alipofika walitulia. Hakuwaimbia wala kuwabembeleza. Alikuwa na vidole vyepesi, basi, na alijua hivyo, na hakuwa mtu wa kujifanya hajui.

Alikuwa mke mkubwa wa Sakaya, na boma lao lilikuwa Olasiti. Miaka hiyo Wajerumani walikuwa wameshajenga ngome yao Arusha, na vita vyao na Waingereza vilikuwa bado. Kwa Waarusha kukama ni kazi ya mwanamke, na maziwa ni ya nyumba yake. Mwanamume anasubiri apewe. Kwa hiyo Namnyaki alipoanza kuumwa mikono, hakuwa anaumwa mikono tu.

Maumivu yalianzia kwenye maungo ya vidole, mikono yote miwili kwa pamoja, yakapanda hadi vifundo vya mikono, karibu na bangili. Asubuhi aliamka amekunja ngumi bila kupenda. Alivinyoosha vidole kimoja kimoja juu ya moto huku ndama wanalia zizini, na hasira imeshampanda hata kabla ya kusema neno na mtu.

"Mama Koikai, niwakame mimi leo?" Nashipae alimuuliza. Huyu alikuwa mke mdogo, aliyekulia karibu na soko la mjini. Alimwita mwenzake kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa heshima.

"Wakame wako," Namnyaki alijibu.

Sakaya hakuwa mume mbaya. Alimpeleka mkewe Terrat kwa mzee Lesikar, aliyesifika kwa kutibu mifupa na viungo. Lesikar alichemsha magome ya mti pamoja na supu ya kondoo, akamnywesha. Jioni alimkanda viganja kwa mafuta ya moto ya kondoo. Namnyaki alikaa hapo hadi mwezi ukaandama tena, akila nyama, hashiki jembe wala kibuyu, na maziwa ya ng'ombe wake nyumbani yakanyonywa na ndama. Vidole vikapungua uvimbe, bangili zikacheza mkononi. Alirudi Olasiti akicheka njia nzima.

Alikama kwa siku chache tu, uvimbe ukarudi.

"Dawa ya Lesikar haina nguvu," Sakaya akasema. Akampeleka mjini kwa mtu mmoja wa pwani aliyekuwa akipiga chuku. Huyo alimchanja juu ya viganja, akabandika pembe, akaivuta kwa mdomo mpaka damu nyeusi ikajaa. Alisema ubaya wote umetoka. Namnyaki alirudi nyumbani amefungwa vitambaa, na jioni ile ile akakama navyo, kwa sababu ng'ombe hawajui chuku. Chale zilitunga usaha. Ilibidi zipone kwanza ndipo arudie kuumwa na kile alichokuwa akiumwa mwanzoni.

Baada ya hapo kila aliyepita alikuwa na dawa yake. Paka asali. Funga majani ya mbarika yaliyopashwa moto. Jifukize. Acha maziwa ya mgando. Kunywa maziwa ya mgando. Majani ya mbarika yalimpa nafuu kidogo asubuhi, akayashika hayo. Mengine aliyajaribu kwa sababu kukataa kulimchosha kuliko kukubali.

Ndipo Sakaya akasikia habari za mganga wa Kijerumani pale mjini. Walikwenda wote wawili, wakangoja kwenye foleni mpaka jua likawa utosini. Mkalimani alikuwa Thomasi, mtu mzima wa misheni, mpole, aliyejua Kijerumani na Kiswahili lakini hakujua Kimaa, lugha ya Waarusha. Namnyaki hakujua Kiswahili. Basi maneno yake yalipitia kwa Sakaya, kisha kwa Thomasi, ndipo yakamfikia mganga.

Namnyaki alikuwa ameyapanga njiani. Alieleza jinsi vidole vinavyofungwa asubuhi na kufunguka jua likishapanda, jinsi mkono wa kulia na wa kushoto unavyouma sawa, jinsi alivyokuwa mzima kule Terrat na kuumwa tena nyumbani. Alisema kwa kirefu, akionyesha kwa vidole vyenyewe.

Sakaya akamgeukia Thomasi. "Anasema mikono inamuuma."

"Ndiyo maneno yote niliyosema?" Namnyaki akauliza.

"Ameelewa."

Mganga alimbonyeza kila kiungo, akampinda mkono huku na huku, naye akasema kwa kirefu. Thomasi akatafsiri kwa kirefu pia, akiwa anamtazama Namnyaki machoni na kugusa viganja vyake mwenyewe. Sakaya alisikiliza akiitikia kwa kichwa. Mwisho akamwambia mkewe, "Unywe unga huu asubuhi na jioni."

"Maneno yote yale ni unga tu?"

"Ni unga tu."

Unga ulikuwa mweupe, mchachu, ukimchoma tumbo. Lakini ulipunguza maumivu, na kwa kuwa yamepungua, Namnyaki alikama zaidi, hata ng'ombe wawili waliokuwa wagumu wa chuchu. Mvua za masika zilipoanza mikono ilikuwa mibaya kuliko siku zote. Asubuhi moja kibuyu kilimponyoka, maziwa yakaingia kwenye tope la zizi. Nashipae alikiokota, akakifuta, akamrudishia bila kusema kitu. Namnyaki angependa atukanwe.

Unga ulipokwisha, Sakaya alikuwa ameshuka mbugani na mifugo. Nashipae, ambaye Kiswahili cha sokoni alikijua vizuri, ndiye aliyemsindikiza mjini. Thomasi aliwakumbuka. Alipoiona ile mikono akakunja uso.

"Huyu mama amepumzika kweli?"

"Apumzike nini?" Nashipae akauliza.

"Bwana mganga alisema ugonjwa huu hautoki kwa kunywa tu. Unga ni wa kutuliza. Alisema asikame, asilime, asishike kitu kizito mpaka uvimbe ushuke. Avifunge viganja kwa kitambaa cha sufu, akae navyo kwenye joto. Halafu aanze kidogo kidogo, na unga anywe akiwa ameshakula. Nilimweleza mumewe yote."

Nashipae alitafsiri taratibu, neno kwa neno.  Namnyaki akamwambia arudie, na alipokwisha kurudia, akasimama akatoka nje, akashika njia ya Olasiti.

Sakaya aliporudi alimkuta amekaa mlangoni, viganja vimefungwa. Ng'ombe walikuwa wanalia.

"Hujakama?"

"Mganga alikuambia nipumzike. Hukuniambia."

Sakaya alitafuta pa kutazama. "Ningekuambia, nani angewakama? Unawajua ng'ombe wako."

"Ulinipeleka Terrat, ukanipeleka kwa wa pwani, nikachanjwa kama ngozi ya mbuzi. Neno lisilokugharimu hata kondoo mmoja ndilo ulilolimeza."

"Nilidhani unga utatosha, Mama Koikai. Na nilidhani utaona ninakunyang'anya ng'ombe."

Hapo alikuwa na ukweli kidogo, na hilo lilimuudhi Namnyaki zaidi ya yote. Kwani hata yeye mwenyewe, kule Terrat, alikuwa ameshaona kwamba kupumzika ndiko kulikompa nafuu. Lakini mtu akijifichia jambo, ni mikono yake inayoumia. Mumewe alificha jambo, na mikono iliyoumia haikuwa yake.

Hakukama jioni ile wala msimu ule. Nashipae alichukua ng'ombe wa mwenzake, akapigwa mateke mpaka mapaja yakawa na madoa. Namnyaki alisimama pembeni akimwelekeza kwa ukali: "Si hivyo. Usivute, bana kutoka juu. Mwache ndama aonje kwanza." Kiangazi kilipofika uvimbe ulishuka. Alirudia kukama ng'ombe mmoja, mlaini wa chuchu, na hakupita hapo. Vidole viwili vilibaki vimepinda. Alikuwa bado anaumwa kila mvua, na hakumpata mtu wa kumwambia kwamba siku moja maumivu yatakwisha.

Alimmiminia Sakaya maziwa kibuyuni kama kawaida, akampa. Ila tangu siku ile, kila alipokuwa na neno la kusema mjini, alikwenda na Nashipae. Vita vilipokuja unga mweupe haukupatikana tena, na mganga akaondoka na askari. Namnyaki alibaki na majani yake ya mbarika na kitambaa cha sufu kilichotoboka. Asubuhi alikaa karibu na moto, viganja juu ya magoti, akingoja vidole vifunguke, na watu wote wa boma lile walijua kwamba kabla havijafunguka hasemeshwi.