Mzee Aliyejua Kenopi Inapovuja

Ukitaka kubisha, bisha sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatishwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, kwenye gereji yangu ya mtaa wa Pasua, saa nane mchana, jua likiwaka. Hamisi, yule jirani yangu anayechomelea vyuma, yuko hai na ana kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Muulize.

Kazi yangu ni kenopi. Vile vibanda vya bati au faiba vinavyofunika nyuma ya pikapu, mimi ndiye ninayevifunga na kuviziba vikivuja. Na vyote huvuja, usidanganywe na mtu. Gari linalopanda na kushuka Kibosho kila siku hutikisika mpaka raba zinaachia, na mvua ya mlimani haihitaji tundu kubwa.

Sasa, kuziba kuna njia mbili. Njia ya haki ni kukwangua silikoni yote ya zamani, ile gundi ya kuzibia, unasafisha, unaacha pakauke, unapaka mpya, halafu unajaribu. Fundi anaingia ndani na tochi na chaki, anafungiwa humo, mwenzake anamwaga maji juu kwa mpira. Panapodondoka, anazungushia chaki. Njia nyingine ni kupaka silikoni mpya juu ya kuukuu na kumwambia mteja hata tone halitapita. Mteja mmoja, Deo, nilimfanyia hiyo nyingine. Nasema mapema usije ukadhani najisafisha.

Deo ni mtu wa Kibosho, anauza mbegu za viazi pale Sanya Juu. Alinijia mwanzoni mwa masika, macho mekundu, akasema ana safari ya Dar na mzigo atakaorudi nao haufai kulowa kabisa. Sikumuuliza ni mzigo gani. Manyunyu yalishaanza, nami nilitaka kuwahi nyumbani. Nikapaka juu juu, nikalainisha kwa kidole gumba, nikamrudishia ufunguo wake.

Baada ya wiki tatu akarudi. Hakunisalimu. Aliegesha, akasema, "Inavuja. Rudia," akaondoka kwa miguu. Niliona aibu, nikajifanya natafuta spana chini. Nilipoinuka, mzee mmoja alikuwa ameketi nyuma ya ile pikapu, miguu inaning'inia.

Mimi ni mtu wa kushuku, mke wangu atakuambia. Wazo la kwanza likawa hilo: Deo kaniletea shahidi, nikikosea tena nipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamkagua. Suti ya kijivu, mpya, lakini imelowa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha tangu juzi. Hana viatu. Mguu wa kushoto una soksi nyeusi, wa kulia mtupu. Jicho la kushoto kalifumba.

"Shikamoo, meku," nikamwamkia, kama tunavyowaita wazee huku kwetu.

"Marahaba. Anza kazi."

Basi. Hakuna habari za nyumbani, hakuna wewe ni wa ukoo gani. Mzee gani wa Kichagga anakuachia kirahisi hivyo? Nikajisemea, huyu kapangwa. Nikamwita Hamisi ashike mpira, nikaingia ndani ya kenopi na tochi yangu. Mzee naye akaingia nyuma yangu, akajilaza chali katikati, mikono kifuani. Nilitaka kumtoa, lakini nitamvutaje mzee wa watu miguu? Hamisi akatufungia. Maji yakaanza kupiga bati.

Kabla sijapata tundu hata moja, mzee akanyoosha kidole juu.

"Hapo palianza tukiwa Korogwe."

Nikamulika. Tone likadondoka palepale. Nikazungushia chaki.

"Hapo, Mombo." Tone. Nikazungushia. "Na pale pembeni ni Same. Lile ndilo lililoniingia jichoni mpaka nyumbani."

Nikadhani amesafiri nyuma baada ya mbele kujaa. Niamini, nilimwonea huruma, na hasira zangu zote zikamwendea Deo. Unampakiaje mzee wako nyuma masika yote hiyo?

"Sasa meku," nikamuuliza, "kwa nini hukugonga kioo wasimame?"

Alinigeuzia lile jicho moja. Akaniangalia sana.

"Na wewe," akasema, "kwa nini hukukwangua?"

Siku ile ya manyunyu nilikuwa peke yangu. Hata Hamisi alikuwa ameshafunga. Nilipiga bati kwa ngumi, Hamisi akafungua, nikatoka kinyumenyume mpaka nikaangukia ndoo.

"Unaongea na nani humo?" Hamisi akaniuliza.

"Na huyo mzee."

"Mzee yupi?"

Tukachungulia wote wawili. Hapakuwa na mtu, na kenopi ile ina mlango mmoja tu, ambao Hamisi alikuwa ameushika. Hamisi akatazama duara zangu za chaki, kisha akanitazama mimi. "Hizi za nyuma umezijuaje? Mimi maji nilikuwa bado namwaga huku mbele."

Sikulala vizuri. Kesho yake niliishusha kenopi yote chini, nikaikwangua hadi bati likang'aa, nikaiziba njia ya haki. Pikapu ilishinda wazi juani, na sakafu yake ikakauka yote isipokuwa katikati. Pale pakabaki pamelowa, urefu wa mtu. Nilipafuta kwa matambara mara nne, pakalowa tena.

Deo alipokuja jioni, nilimuuliza yule mzee amemwacha wapi. Akasema hakuja na mzee. Nikamweleza suti na jicho. Alitembea hadi kwenye gari, akaweka kiganja pale palipolowa.

"Ni hapa nilimlaza baba," akasema.

Basi mzigo ulikuwa huo. Baba yake alifia Dar, naye akaenda kumleta azikwe kwenye kihamba chao, penye migomba, walikolala babu zake. Mvua iliwapokea Korogwe. Maji yalipenya hadi ndani ya jeneza, mzee akafika kwake amelowa na suti yake mpya. Kaka mkubwa wa Deo, Pius, akamwambia mbele ya waombolezaji kuwa kambeba baba kama viazi, na kwamba asikanyage tena pale. Tangu siku hiyo Deo alikuwa analala dukani Sanya Juu, na mama yake anamwona kwa mbali kanisani.

Unadhani nilimwamini? Nusu tu. Nikamwambia wazi: "Umenipangia mzee anitishe, ili nikabebe lawama kwa kaka yako."

Hakukasirika. Alifuta macho kwa mkono uleule uliolowa. "Sijakuletea mtu," akasema. "Lakini kama ulikosea, kaseme. Mimi hawanisikilizi."

Nilikwenda. Sitakudanganya kuwa ni wema, ilikuwa hofu. Nilikata isale kwenye uzio wa mama yangu, lile jani refu la kuombea msamaha, nikalifunga fundo. Anayeletewa isale hana ruhusa ya kukufukuza kabla hujasema. Deo akanipeleka hadi Kibosho, akabaki garini barabarani, kwa kuwa kwao amekatazwa.

Nilimkuta Pius uani pamoja na mama yake, bibi mdogo wa umbo, kajifunga kitenge cheusi. Nikatoa isale, nikasema kosa ni langu, mimi ndiye fundi, sikukwangua wala sikujaribu kwa maji. Pius hakulipokea.

"Deo kakupanga," akasema.

Kumbe hata yeye anashuku kama mimi! Ikabidi nieleze yote, mzee na Korogwe na jicho. Pius akasimama, akaniambia nisimchezee marehemu. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka bibi aliponishika mkono.

"Miguuni alivaa nini?"

"Soksi moja, bibi. Ya kushoto. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu."

Aliniachia, akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa ameshika soksi nyeusi, imekakamaa kwa moshi. Alisema usiku wa kuamkia mazishi alibaki peke yake na mumewe, akaanza kumvua soksi zilizolowa azikaushe motoni. Alivua ya kulia tu, watu wakaingia kusali, na asubuhi jeneza likafungwa haraka. Aliona aibu kusema kuwa kamzika mumewe na mguu mtupu.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Hata padre."

Pius alikaa chini. Alitazama ile soksi. Kisha akanyoosha mkono akalichukua isale. "Kamwite mdogo wangu," akasema. "Mwambie mama anamsubiri." Soksi tuliifukia wote wanne kaburini, upande wa miguu, Deo akiwa amemkumbatia mama yake.

Kenopi ya Deo haijavuja tena. Pikapu nayo ilikauka siku hiyohiyo. Kisichokauka ni jicho langu la kushoto. Nimepimwa, nimepewa dawa za matone, daktari anasema jicho ni zima. Linatoa machozi tu, na huzidi pale mkono wangu unapotaka kupaka silikoni juu ya kuukuu. Siku hizi nakwangua hata nikiwa na homa. Na kila mteja namuuliza atabeba nini, ajibu asijibu.

Kwa hiyo nawe, kama kuna kazi ya mtu uliifunika juu juu ukamwambia iko sawa, irudie leo, wakati anayekuja kukudai bado anakuja kwa miguu yake na viatu vyake vyote.