Krashi Iliyosuguliwa kwa Majivu

Ngoma za kanisani nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa masikio. Nilianza na matoazi, kwa kuwa ndiyo yaliyonichanganya. Haihati ni sahani mbili zinazobanwa kwa mguu. Zikifungwa hutoa sauti fupi, kavu, kama jembe kwenye changarawe. Raidi ni pana na nzito. Ukiigonga kwa ncha ya fimbo, kila pigo husikika peke yake. Krashi ni nyembamba: hulipuka, hutanda, kisha hufifia.

Krashi yetu iliyumba kila nilipoipiga, nami sipendi kitu kinachoyumba. Kila Jumamosi niliikaza nati yake kidogo.

Wiki tuliyotarajia wageni kutoka Bukura, mama anayefagia kanisa aliyasugua matoazi yote kwa majivu na mchanga, kama sufuria za harusi.

“Mwalimu, njoo ujione,” aliniita. “Hata ndevu utanyolea hapa!”

Jumapili krashi ililia kama kifuniko cha debe. Kwaya yote iligeuka.

“Mama amesugua mpaka sauti imetoka!” alisema mmoja.

“Mpeni na kinanda akioshe!”

Kanisa lilicheka. Mama naye alicheka, kisha akaacha.

Baada ya ibada niliifungua nati. Ufa ulianzia kwenye tundu, pale nilipoibana. Majivu hayapasui shaba. Toazi hupasuka likinyimwa nafasi ya kuyumba. Nilielewa, nikaifunika krashi kwa kitambaa.

Tangu hapo alifagia kote ila kwenye ngoma. Duara la vumbi likabaki limezizunguka. Mwishowe nilimfuata nyumbani, nikamkuta akichambua mboga ya mrenda. Nilimwonyesha ufa, nikamweleza.

Aliupitishia kidole. “Ulijua siku ile ile?”

“Nilijua, mama.”

“Sasa unaniambia mimi ya nini? Kwani ni mimi niliyejicheka? Waambie waliocheka.”

Niliahidi.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya, krashi mkononi. Alikuwa benchi la nyuma, ananitazama. Kiongozi wa kwaya aliuliza kama tuanze. Nikasema tuanze. Nilipiga haihati na raidi tu, na kila palipohitaji krashi pakapita kimya.

Mama alitoka kabla ya baraka. Watu walipotawanyika, nilikuta ufagio wake umeegemezwa kwenye kiti changu cha ngoma.