Mumiani Aliyevaa Kandambili

Sisi tuliokulia Kilosa wakati saa ya mtaa ilikuwa honi ya treni, hatukuhitaji sinema ili tuogope. Woga tulipewa bure nyumbani, pamoja na uji wa asubuhi. Ukichelewa kurudi bombani, mumiani. Ukipita njia ya mkato katikati ya mkonge, mumiani. Ukibakiza mlenda kwenye bakuli, basi mumiani alikuwa ameshatajiwa jina lako na la baba yako. Na tuliamini, kwa sababu waliotuambia ni mama zetu, na mama zetu hawakuwa watu wa kubishana nao.

Kwa ninyi mliozaliwa mkakuta simu mezani, mumiani ni mnyonya damu. Hakuwa jini wala mzuka. Alikuwa binadamu kabisa, mwenye ajira na mshahara. Anakukamata, anakuning'iniza kichwa chini miguu juu, anakinga ndoo, na damu yako inasafirishwa kwa Wazungu wakatengenezee dawa. Wengine walisema inatiwa kwenye ndege ndiyo maana zinaruka. Hatukuuliza ndege moja inakula watu wangapi. Hesabu zilikuwa za darasani.

Mpaka mchezo wetu wa kukimbizana ulikuwa wa mumiani. Mmoja anaegemea ukuta wa karakana ya reli anahesabu hadi ishirini, wengine wanajificha kwenye mabehewa mabovu yaliyoota majani. Akikukamata unalazwa chini, miguu inainuliwa, unakingiwa kopo la maziwa la bati. Tulirudi nyumbani na kutu magotini na harufu ya mkonge uliooza kwenye nguo, tukachapwa, kesho tukarudi tena. Na katika mchezo huo mumiani nilikuwa mimi, kila siku. Hakuna aliyenipigia kura. Ilionekana ni haki yangu ya kuzaliwa.

Sababu ni babu yangu mzaa baba, ambaye ndiye aliyenilea pamoja na bibi. Enzi za ukoloni Babu alikuwa dresa kwenye zahanati ya shamba la mkonge. Kazi yake ilikuwa kuwachoma wafanyakazi kidole, kupaka tone la damu kwenye kijioo, kupanga vile vijioo kwenye kisanduku cha mbao na kukipakia kwenye treni kwenda Morogoro, kwenye darubini. Majibu yakirudi na ugonjwa, mtu anachukuliwa na gari kupelekwa hospitali ya mbali. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Sasa hebu kaa kwenye nafasi ya mkata mkonge wa wakati ule. Unamwona Mwafrika mwenzako kavaa koti jeupe, anatoa watu damu, anaifungia kwenye sanduku, anaipeleka stesheni, na mwisho wa mwezi mzungu anamlipa. Ungesema ni nani?

Sitawadanganya kwamba niliteseka siku zote. Kuwa mjukuu wa mumiani kulikuwa na faida zake. Bombani nilipishwa foleni hata na madada wa darasa la saba. Kuna msichana aliwahi kunipora kipande cha muwa. Alipoambiwa mimi ni nani alikirudisha kikiwa kimeshatafunwa nusu, akaniamkia na shikamoo juu, wakati tulikuwa rika moja. Nikaitikia marahaba bila hata kuona haya.

Kilichonitoa ushujaa huo ni sinema. Video ilipoingia Kilosa, walifungua ukumbi nyuma ya mashine ya kusaga, tukawa tunakaa juu ya magunia Jumamosi mchana, pumba zikitupanda puani. Siku moja likaja tangazo la mkaa ukutani: picha ya kutisha ya lodi, bwana mkubwa wa Ulaya, aliyekunywa damu ya raia wake, historia ya kweli, wenye presha wasije. Wiki nzima hatukulala vizuri kwa raha ya kungoja kuogopa.

Jamani, ile picha. Mtu kashika mshumaa anatembea kwenye korido. Anafungua mlango, hakuna kitu. Anafungua mwingine, hakuna kitu. Dada mmoja mwenye gauni refu anatazama dirishani, anapumua. Nusu saa nzima ni milango tu, kama fundi seremala anakagua kazi yake. Watoto wakaanza kumenya karanga na kuulizana nani ana mkojo.

Ukumbini kulikuwa na kijana fundi redio tuliyemwita Mfasiri, kazi yake kusimama kando ya televisheni na kutueleza kwa Kiswahili wanachosema wale watu. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini ulimi ulikuwa wa dhahabu. Alipoona picha inamwaibisha, akaamua kuiokoa. Akamhamisha yule lodi kutoka Ulaya. Mshumaa ukawa taa ya kandili, korido ikawa zahanati ya shamba. "Sasa anaingia," akasema kwa sauti ya chini, "kisanduku mkononi, treni inamsubiri. Na huyu mnamfahamu. Ndiye dresa wetu wa hapahapa Kilosa." Ukumbi mzima ukapiga yowe. Halafu vichwa vyote vikageuka kunitazama mimi.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Babu alikuwa anapalilia mchicha wake nyuma ya nyumba, nikamweleza yote huku nalia kamasi. Akanisikiliza hadi mwisho, akafuta jembe.

"Huyo wa kwenye picha," akaniuliza, "alikuwa anachoma kidole gani?"

"Hachomi kidole, Babu. Anauma shingo."

"Basi si dresa. Dresa anachoma kidole cha pete, mkono wa kushoto. Kawaambie wamekosea."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Bibi hakucheka. Alikuwa amekaa kizingitini anachambua mboga, akasema bila kuinua uso, "Cheka tu. Utakufa uniachie mimi hilo jina."

Na kweli Babu akafa, nami nikiwa kidato cha pili. Watu walijaa, maana Kilosa hatususiani misiba. Lakini msomaji wa wasifu wa marehemu alipofika kwenye kazi alizofanya, akasema "alifanya kazi mashambani," akakohoa, akaruka. Wazee walikuwa wamemwambia aruke hapo, kwa nia njema, familia isiaibike. Bibi alisikia. Tangu siku ile alikuwa na ombi moja, na alilisema waziwazi kwa kila aliyemtembelea: kabla yeye mwenyewe hajazikwa, mtu wa Kilosa, si ndugu yake, asimame mbele ya watu aseme mume wake alikuwa anafanya kazi gani. Miaka ikapita, na hakusimama mtu.

Ndipo mwaka jana wakaja vijana kutoka Morogoro na kamera. Mimi siku hizi niko Mikumi, napikia madereva wa malori barabarani, nikapigiwa simu kwamba Bibi ana wageni wanatengeneza filamu ya mumiani. Nikapanda basi haraka. Kiongozi wao alikuwa kijana mmoja anaitwa Frenki, suruali imemshuka mpaka unaona alichovaa ndani. Aliingia na "Mambo, bibi," na Bibi akamtazama hivi hivi mpaka yule kijana akaitafuta shikamoo huko alikoiacha. Baada ya hapo walielewana vizuri. Bibi aliwasimulia mchana wa siku tatu: kidole, kijioo, kisanduku, treni. Akawaazima hata picha ya Babu akiwa na koti lake jeupe na kaptula. "Bibi, hii stori ni moto," Frenki akasema. Bibi alibaki na matumaini ambayo sijawahi kuyaona kwake tangu msiba.

Filamu iliitwa *Dresa wa Damu*. Nikamwomba Bibi tusiende. Akaniambia nimpigie pasi kitenge chake kizuri.

Ilionyeshwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa mjini, na watu walikuja hadi kutoka Masanze. Bibi akakaa mstari wa mbele. Pembeni yake alikaa Mzee Maganga, aliyekuwa mshika bendera wa reli. Huyu ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja kukata mkonge. Bibi ni Mkaguru wa Mamboya. Kwa hiyo ni watani, na wametukanana kwa miaka sitini bila kuchoka. Hata siku ile Bibi alimkaribisha kwa kumuuliza kama meno yake amekodi.

Taa zikazimwa, nikashika mkono wa Bibi. Mumiani akatokea. Kavaa koti jeupe la maabara, na mfukoni limedariziwa jina la shule ya sekondari. Anatembea polepole, anatisha kwa nyusi, miguuni ana kandambili za bluu. Mzungu wa shamba alikuwa kijana wetu aliyepakwa unga wa sembe, na kila akiongea unadondoka. Mkonge hawakuupata, wakatumia miwa. Damu ilikuwa juisi ya rozela, maana inzi walionekana wakiifuata. Na kwa sababu sehemu nyingine walipigia picha Mikumi, wakati mumiani anamning'iniza mtu, nyani mmoja akapita nyuma, akasimama, akachungulia ndani ya ndoo, akaondoka zake. Katika filamu nzima, yeye tu ndiye aliyeonekana kujua anachofanya.

Mumiani alipoanza kumkimbiza msichana, kandambili ikachomoka. Akarudi kuiokota, akaivaa, akaendelea kukimbiza. Hapo ukumbi ulikufa kwa kicheko. Watu wazima walifutana machozi. Mimi nilicheka mpaka nikaona aibu, kisha nikamgeukia Bibi.

Bibi alikuwa amekasirika kuliko nilivyotegemea. "Mume wangu hakukimbia hivi," akaninong'oneza. "Alikuwa na mwendo. Na alikuwa na viatu." Halafu sauti ikamshuka. "Niliwaeleza siku tatu. Hakuna hata kijioo kimoja humu." Nilitamani kumkaba Frenki na kipaza sauti chake.

Filamu ikaisha, taa zikawaka. Frenki akasimama mbele, jasho linamtoka, akasema kama tulivyoona, hii ni historia ya kweli, na ukumbi ukacheka upya. Kwa kutafuta pa kutokea, akauliza kama kuna mzee mwenye neno.

Mzee Maganga akainuka. Alichukua muda kuinuka, na watu wakajiandaa kucheka tena, kwa vile anajulikana kwa mdomo.

"Historia siyo hii," akasema. "Baba yangu alichomwa kidole na dresa mwenyewe, mume wa huyu mama. Treni ikarudi na majibu, akachukuliwa na gari. Mama yetu akatandika mkeka wa msiba. Baada ya miezi mitano baba akarudi, mnene. Ugonjwa wa malale, wamemtibu. Angeachwa angekufa, na mimi nisingezaliwa, maana mimi ni wa baada ya hapo." Akamgeukia Bibi. "Nyumbani kwetu tulijua. Baba alituambia tusiseme nje, tusije tukaitwa watu wa mumiani na sisi. Kwenye msiba wa dresa nilikuwepo. Nilisikia wakiruka. Nikanyamaza. Mama, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Bibi aliangalia mbele, nami nikajua nikimgusa tu atalia. Mtani hawezi kumlilia mtani mbele ya watu. Akakaza kitenge.

"Mnyamwezi wewe," akasema, "miaka yote hiyo umekalia maneno yangu kama kuku anayeatamia mayai viza. Faini. Jogoo. Na umlete mwenyewe, kwa miguu, mchana, watu wakuone."

Ukumbi ukapasuka kwa vifijo. Frenki naye akapiga makofi, nadhani akiamini ni ya filamu yake.

Kesho yake Mzee Maganga alikuja kwa miguu, mchana, jogoo mwekundu kwapani, anasalimia kila nyumba ili faini ihesabike. Jogoo tulimchinja, tukamla kwa wali. Binti yangu wa miaka kumi na mitano alikuwepo. Watoto wa siku hizi hawaogopi mumiani wala mlenda. Wangu anaogopa chaji kuisha tu. Huwa namcheka, ila siku ile nilimwonea huruma kidogo, kwa kuwa kwenye mkonge wetu siku hizi hakuna wa kumkimbiza, na mabehewa yetu mabovu yameshauzwa chuma chakavu. Aliweka simu chini mwenyewe, akamsikiliza Mzee Maganga akieleza habari za kidole cha baba yake.

"Kwa hiyo babu mzaa babu alikuwa daktari?" akauliza.

Enzi zetu swali hilo lingejibiwa kwa kunong'ona, mlango ukiwa umefungwa. Bibi aliacha kula.

"Alikuwa dresa," akasema, kwa sauti ya kumfikia jirani wa pili.