Niliweka Urwarwa Kwenye Skonzi za Arobaini

Nianze na kosa lenyewe, msije mkanipenda kwanza halafu mkajuta. Mi ndiye niliyewalisha pombe ya ndizi watu waliokuja kumsomea marehemu hitma ya arobaini. Niliwalisha nikijua. Tena nilisimama mlangoni na sinia nikiwabembeleza waongeze!

Jina langu sitaji. Wa Gitega watanijua, wa Muyinga wameshanijua, na wengine haliwasaidii kitu.

Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko ndiko nilikojifunza kuoka skonzi. Tuliporudi Burundi wazazi wangu walishika jembe Butihinda. Mi jembe lilinikataa, au mi nililikataa, tusibishane. Nikaenda Gitega. Mchana naoka na kuuza, jioni niko shule. Nilimaliza shule ya jioni nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu, na siku ya kupewa diploma nilipiga vigelegele hadi ng'ombe wa Ryansoro wakaacha kula majani!

Chumba nilipanga kwa Mama Zuena. Mumewe, Mzee Hamisi, alikuwa fundi wa mabati, anatengeneza ndoo, vibatari, masanduku. Oveni yangu alinitengenezea yeye kwa mikono yake, mabati mawili, makaa chini, makaa juu. Kila nikifungua mlango wa oveni, wa kwanza kupewa ni yeye, wa pili mkewe.

Na walikuwa wanakula bila kuuliza. Jamani, mnajua maana yake? Muislamu kula kwa kijana mkristo bila kuuliza umeweka nini, hiyo ni heshima kubwa kuliko diploma yangu. Mama Zuena alikuwa anaweka mkononi, anapiga bismillahi, anatafuna. Mi nikaona ni kawaida. Nikaona ni haki yangu!

Sasa, mnajua hali ya vitu kwetu. Sukari inapotea mjini kama mdeni. Lakini mi ni bingwa wa kubadilisha. Zabibu kavu hakuna? Nachukua nanasi, nalikata vipande vidogo, nalianika juu ya bati siku tatu mpaka linakunjamana kama bibi anayecheka. Naongeza mapera, mbegu natoa. Siagi ya dukani hakuna? Naleta siagi ya ng'ombe kutoka upande wa Mutoyi. Maziwa hayajaganda? Nakamulia limau. Na badala ya sukari natia umutobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu, ambayo nilikuwa nafuata kwa baiskeli kwa mzee mmoja wa Ryansoro.

Yule mzee alikuwa na mitungi miwili. Mmoja wa umutobe, ambao hata mtoto mchanga anakunywa. Mwingine ni umutobe huohuo uliotiwa unga wa mtama na kufunikwa siku kadhaa. Huo si juisi tena. Huo ni urwarwa, na ukinywa vikombe vinne unaanza kusalimia miti.

Basi, Mzee Hamisi akafariki. Kifua tu, wiki mbili.

Arobaini ilipokaribia, Mama Zuena akaniita. Alikuwa kwenye eda, hatoki, hata sokoni haendi, miezi minne na siku kumi. Kila kitu cha nje kilipita kwenye mikono ya watu wengine. Upande wa mapishi, mikono ilikuwa yangu.

"Mwanangu," akaniambia, "mandazi majirani watapika. Mi nataka zile zako za matunda. Mzee alikuwa anazipenda, we unajua."

"Mama, nitaoka hadi mji mzima ushibe!"

"Acha makelele yako. Sukari haiko. Utaweka nini?"

"Umutobe, mama."

"Umutobe haina shida. Iko juisi tu. Sawa."

Ndiyo mara ya kwanza kuniuliza. Na wakati huo nilimjibu kweli.

Siku moja kabla ya hitma nikajaribu skonzi chache. Levire, yaani hamira ya kuumulia unga, ilikuwa imeisha mjini kote, nimebakiwa na kijiko kimoja cha zamani. Skonzi zikalala. Nyembamba, ngumu, ungeweza kuezekea nyumba! Nikapanda baiskeli hadi Ryansoro kuchukua umutobe zaidi, nikamweleza yule mzee shida yangu.

Akacheka. "Sha, si uchukue huu mwingine? Tazama povu lake. Huu unaamsha hata jiwe."

"Ni wa waislamu, mzee."

"Basi usichukue."

Mnasikia? Mzee mnywaji, asiye na diploma, alisema usichukue. Mi mwenye diploma nikasema nijazie chupa.

Ningeweza kutumia magadi na maziwa ya mgando. Nilijua! Lakini skonzi za magadi zinakuwa na rangi ya njano na ladha ya sabuni ukikosea kidogo, na mi nilitaka zangu zipande juu, zipasuke katikati, watu washangae, waseme "yampayinka, nani kaoka hizi?" Ningeweza pia kumwambia Mama Zuena ukweli, angesema "basi, mandazi yanatosha." Hilo ndilo sikutaka kulisikia. Mandazi yanatosha! Na mi niende wapi?

Njiani nikajipa somo la kemia. Shule ya jioni tulifundishwa kwamba pombe inachemka kabla ya maji. Kwa hiyo kwenye oveni itaruka yote, utabaki utamu tu. Nilijieleza vizuri sana. Nilijipa hata alama.

Nikatia vikombe viwili kwenye unga. Viwili tu, naapa.

Zilipanda! Ziliumuka kama mito ya kulalia. Maalim mwenyewe, aliyeongoza hitma, alikula tatu na chai ya tangawizi, akaniombea dua. Akaniombea dua, mi niliyemlisha pombe! Nikaitikia amina. Mama Zuena kutoka ndani akanitumia ujumbe: "Mwambieni mwanangu amenisitiri."

Ningenyamaza hapo, labda leo ningekuwa na siri tu. Lakini mdomo wangu haujawahi kuonja ukimya.

Wiki mbili baadaye nikaitwa Muyinga. Akina mama waliorudi kutoka Tanzania walitaka kujifunza kuoka kwa vitu vya nyumbani. Walikuwa kama ishirini, mi nikawaona mia mbili. Nikawaonyesha nanasi, limau, siagi ya ng'ombe, wakacheka na kila neno langu. Na mtu akinichekea mi ninaongeza. Mmoja akauliza, "Na levire ikikosekana?"

Nikafungua mdomo. "Levire? Tia urwarwa! Mi nilitia nusu jerikani kwenye arobaini Gitega, mashehe wakalamba mpaka vidole vya jirani!"

Vikombe viwili vikawa nusu jerikani. Maalim mmoja akawa mashehe. Wakacheka, isipokuwa mama mmoja wa kitambaa cha kijani aliyekaa karibu na dirisha. Huyo hakucheka. Familia yake inauza vitenge Muyinga na Gitega. Alitoka nje na simu sikioni, na mi nikaendelea kukata unga kwa glasi.

Niliporudi Gitega, habari ilikuwa imefika kabla ya basi langu. Nikaitwa mchana ule ule. Maalim amekaa barazani. Mama Zuena yuko ndani nyuma ya pazia, nasikia sauti tu.

"Ni kweli?" Maalim akauliza.

"Siyo nusu jerikani, maalim. Ni vikombe viwili."

Niliona ni utetezi, jamani! Maalim akafumba macho.

Nikakimbilia kemia. "Lakini pombe inachemka kabla ya maji. Kwenye moto ule ilikuwa imeshapaa zamani, hata chembe..."

Pazia likasema, taratibu: "Mi sikuuliza ilienda wapi. Mi nauliza, iliingia kwa ruhusa ya nani?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Waliokula bila kujua hawana dhambi," Maalim akasema. "Wewe ulijua. Kuna mambo mengine hapa, kati yako na huyu mama, lakini hayo siyo ya kwangu." Akainuka, akaenda.

Mama Zuena akaendelea, hakupandisha sauti hata kidogo. "Mutaani wanasema nilinunua pombe kwa arobaini ya bwana yangu. Wanasema nilijua. We unaweza kutoka, unaenda Muyinga, unaenda Ryansoro. Mi niko kwa eda. Siwezi hata kuvuka barabara nimwambie jirani sikujua. Nitakaa humu, nawasikia wanapita, miezi miwili na zaidi. Ulinifungia mulango, mwanangu."

Nilitaka kumwambia nitazunguka nyumba kwa nyumba kueleza. Na kweli nilizunguka! Lakini nani atamwamini mtu ambaye wiki ile alikuwa amesema nusu jerikani? Nyumba ya tatu walinijibu: "Sasa ni vikombe viwili. Kesho utasema kijiko." Sifa yangu ya kuongeza chumvi, niliyoichekea maisha yote, ndiyo iliyomfunga kinywa yule mama asiyekuwa na kosa.

Nikahama kabla hajanifukuza. Hakunifukuza. Oveni niliiacha, sikuwa na uso wa kuibeba. Sasa niko Muyinga, naokea kwenye sufuria yenye makaa juu ya kifuniko. Skonzi zinaungua upande mmoja.

Eda ilipoisha nikamrudia na skonzi kumi na mbili zilizofungwa kwenye kitambaa safi. Alinipokea vizuri kupita nilivyostahili. Alinipa kiti, alinipa chai, akaniuliza hali ya wazazi Butihinda. Halafu akatazama kile kitambaa.

"Iko nini ndani?"

Nikamtajia yote. Unga, siagi, maziwa ya mgando, magadi, nanasi, asali kidogo, chumvi. Nilitaja hata maji ya kuoshea mikono. Kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza wala sikupunguza.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema. "Na ninakuamini."

Akanyoosha mkono kuchukua moja. Ukafika juu ya kitambaa, ukasimama. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine, akaurudisha mapajani.

"Unisamehe, mwanangu. Mi nimekubali. Ni mukono unakataa."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Yeye!

Ninyi mnaooka, mnaopika, mnaobadilisha hiki kwa kile kwa sababu soko limekauka: badilisheni, hakuna dhambi, mi mwenyewe nitawafundisha nanasi. Lakini kabla mtu hajapiga bismillahi yake au ishara ya msalaba wake, mwambie kilichomo, chote, hata kama atakataa, hata kama atasema mandazi yanatosha.

Na yatoshe mandazi! Laiti ningesema hivyo siku ile, ningekuwa bado nafungua mlango wa oveni Gitega, na yule mama angekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, bila kuuliza.