Kicheko Nilichofuata India

Hata leo mtu akichoma mahindi karibu na mimi naangalia kando, kwa sababu aibu niliyopata na mahindi, haki, sijui nianzie wapi, lakini wacha niwaambie tu, mcheke mmalize.

Mimi ni mtoto wa Subukia, na sisi tuliolelewa na maji ya kisima cha kwetu meno yetu mnayajua: rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Tangu usichana nacheka mkono ukiwa mdomoni. Sasa binti yangu Shiru akatangaza harusi, na mimi nikaapa kwamba siku hiyo, kwa picha, mama ya bibi harusi atacheka mkono ukiwa chini.

Daktari wa meno huko Nakuru aliniambia inawezekana, lakini tutaenda polepole, na nisikimbilie kuchongwa kwa sababu jino likishachongwa halirudi, na nikifanyiwa mbali, shida ikinipata nikiwa nyumbani nani ataniangalia? Kati ya hayo yote mimi nilisikia "polepole" peke yake. Kwa simu nilikuwa nimeona kliniki ya India, watu wanaingia na meno kama yangu wanatoka wanametameta, tena kwa wiki moja, na bei nafuu (nauli nilisahau, si mnanijua).

Kosa lilianzia kwa kikundi chetu cha akina mama kanisani. Kusema naenda kutengeneza meno mbele ya wanawake wenye meno kama yangu niliona ni kama kuwatukana, basi nikasema tu, "Naenda India kutibiwa." Huku kwetu mtu akienda India ni moyo, ama figo, ama ule ugonjwa wenyewe. Mwenyekiti wetu, Mama Chebet, akaniwekea mikono yote miwili kifuani akaanza kuomba huku analia, na mimi badala ya kusema, "Mama Chebet, panda juu kidogo," nikasema amina.

India wakanichonga, wakanibandika meno mapya juu ya yangu, na kusema ukweli nilitoka mrembo. Ufizi ulikuwa umevimba, wakaniambia nikae kidogo waniangalie na nisitafune kitu kigumu, lakini harusi ilikuwa karibu, nikapanda ndege.

Kufika nyumbani, woi! Kikundi kizima kiko kwa geti kinaimba. Nikanyang'anywa begi ("Usibebe, utafungua mshono!"), nikakalishwa, nikafunikwa blanketi na jua lote hilo, na hakuna hata mmoja aliyeangalia mdomo wangu, wote macho kifuani. Mama Chebet akaniambia, "Tumekuwa tukifunga, Mama Shiru. Hata mimi na vidonda vyangu vya tumbo." Nilisikia vibaya mpaka nikataka kurudi kwa ndege. Hapo ndipo ningesema, lakini alikuwa ashaniletea mahindi choma, ya kwanza kutoka shamba lake. "Nilikuwekea wewe uonje kwanza." Sasa hiyo unakataa ukisema nini? Nikauma.

Kitu kikasema ka! Nikavuta mahindi, na meno manne ya mbele yakabaki huko, yamejipanga katikati ya mbegu, meupe pepepe, ungedhani ni mstari uliokosa moto.

Mama Chebet akachukua yale mahindi akayainua juu. "Mama Shiru, hii ni nini?"

"Ni meno."

"Na moyo?"

"Moyo hauna shida," nikasema, na mate yakaruka. "Nilienda kutengeneza meno. Nicheke kwa picha za Shiru."

Nikajua kwa hiki kikundi nimekwisha.

"Yaani nimeshinda njaa," akasema polepole, "nikifungia mtu anayetaka kucheka?" Akajaribu kukasirika, akashindwa. Akaanza kucheka mkono ukiwa mdomoni, wengine wakafuata, wote hivyo hivyo, mpaka kicheko kikawazidi, wakashika mbavu, mikono ikasahau kazi yake. Nikayaona meno ya Subukia yote mahali pamoja, na nikaona uchungu, kwa sababu walikuwa wamependeza.

Kliniki ya India haikushika simu tena. Daktari wa Nakuru alitibu ufizi, akaniambia vile visiki vilivyobaki vitanisumbua maisha yangu yote, na meno mengine hayataiwahi harusi. Kwa hivyo siku nyingine nikiugua nitataja kiungo chenyewe, mapema, kabla mtu hajaanza kuomba.

Siku ya harusi mpiga picha akasema, "Mathe, cheka," na mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe. Mama Chebet alikuwa kando yangu. Akaushika, akaushusha.

"Hicho kicheko nilikifungia," akasema. "Kitoe."

Nikakitoa chote, na pengo lake.