Nati ya Juu Kwanza

Watangaziwe wote, wenye magari na wenye kudandia ya wenzao: asubuhi ya jana, kati ya kamba ya kuanikia nguo na tangi la maji, fundi cherehani mmoja, mama wa watoto wanne, aliingia chini ya gari la familia kubadilisha oili ya giaboksi. Serikali haikutuma mwakilishi.

Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa udereva, wa tatu. Miwili ya mwanzo aliangushwa na gia ya pili ya gari hilo, ambayo ilikuwa ikiingia kwa kelele za mtu anayetafuna changarawe. Mtahini alishamwambia: ukianguka tena, tuonane mwakani. Naye mama alikuwa amechoka kumbembeleza mtu ampelekee sare za shule kwa wateja.

Mtu mwenyewe ni mumewe, karani mstaafu, aliyeketi kwenye kigoda na kitabu cha gari mapajani, miwani kwenye ncha ya pua, akiongoza kazi kama mwenyekiti wa kikao.

"Fungua nati ya chini."

"Una hakika, baba watoto?"

"Nani anasoma hapa?"

Akafungua. Oili ikashuka kwenye beseni, nyeusi tii. Ilipokwisha akairudisha nati, akaikaza, akahamia ile ya juu, ubavuni, ya kujazia. Ikagoma. Akaivuta spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nati imetulia tuli.

"Hebu soma tena. Anzia mwanzo."

Kurasa zikageuzwa. "Kumbe kuna onyo," mume akasema, sauti imeshuka cheo. "Kabla ya kumwaga oili, hakikisha nati ya kujazia inafunguka."

"Soma kwa nguvu, majirani wasikie."

"Nilidhani lile boksi jekundu ukurasani ni pambo."

Giaboksi ikawa kavu, na saa ni sita kasoro. Mume akampigia fundi wa gereji, akaambiwa "nakuja sasa hivi", yaani kesho akijaliwa. Mama hakungoja. Aliingia chumba cha kushonea, akang'oa bomba la pazia, akalivisha kwenye mkono wa spana ili urefuke, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, na si haba. Nati ikalia kriii, ikaachia.

Mume akafungua boneti, akamimina oili mpya kupitia mpira mrefu ulioshuka mpaka kwenye tundu, mama akichungulia chini.

"Ikianza kuchuruzika, useme."

"Simamisha."

"Imebaki kidogo kwenye kopo."

"Simamisha, baba. Hii nyingine imenifika sikioni."

Saa saba na nusu mwalimu wake wa udereva alikuja, akashika usukani wa gari la familia, wakaondoka. Mume akabaki akizunguka uwanja, beseni la oili chafu mkononi, hajui aliweke wapi.

Saa kumi mama akarudi na karatasi ya kufaulu. Mumewe akamlaki getini, kifua mbele.

"Mke wangu, utaalamu wetu umezaa matunda. Haya, mtahini ameisemaje gia yetu ya pili?"

"Hajaisema," akajibu, akivua viatu. "Leo wametumia gari lao."