Orlin Huulizwa Mara Tatu

Verna Haugdahl aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na minne katika barabara za changarawe za magharibi mwa Minnesota, na muda wote huo alipiga honi mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa paa amesimama katikati ya njia. Mara ya pili hapendi kuizungumzia. Alikuwa na miaka sabini na moja, mfupi, mabega mapana, na aliamini kwamba mtu anayetembeza shida zake mbele ya watu hana kazi ya kufanya. Kwa hiyo alipoanza kumtafutia kaka yake makao ya wazee, alimwambia mtu mmoja tu, binti yake Gretchen aliyeishi Minneapolis, na hata huyo alimwambia juu juu tu, wakiwa wanaongea habari za mvua.

Kaka mwenyewe ni Orlin, miaka themanini na tatu, hakuoa, alikamua ng'ombe na kulima mahindi katika shamba lile lile walilozaliwa. Ugonjwa wa kusahau ulianza na majina ya majirani, ukaja kwenye majina ya miezi. Verna alifunga nyumba yake mjini akahamia kwa kaka yake, akasema ni kwa wiki mbili, akakaa miaka mitatu. Januari iliyopita, baridi ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, Orlin alitoka na soksi tu, bila viatu, asubuhi kwenda kukamua ng'ombe waliouzwa miaka kumi na minne nyuma. Verna alimkuta kwenye mlango wa zizi tupu, anawagombeza ng'ombe kwa kuchelewa. Vidole viwili vya mguu vikaenda na baridi hiyo. Daktari akasema mzee huyu asipitishe msimu mwingine wa theluji pale. Verna alijua daktari anasema kweli, na alimchukia kwa hilo mpaka Pasaka.

Ilipofika Septemba hakukuwa tena na kusingizia. Ofisi ya wilaya ilimpa fomu yenye maswali arobaini na mawili ya kuuliza katika kila makao: wahudumu wangapi, milango inafungwaje, choo kiko umbali gani. Verna aliisoma yote, akachonga penseli mbili, akamwambia Orlin avae shati safi.

Makao ya kwanza yalikuwa kando ya ziwa, mapya, yana chemchemi ukumbini, tangi la samaki wenye rangi zote, na chumba cha kulia aiskrimu tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na makao yale yalijitembeza kwa vitabu vinne vyenye picha. Meneja, Bi Courtney Brandvold, mama wa miaka thelathini na kitu mwenye meno mazuri, aliwazungusha kila mahali. Verna akaweka alama kwenye fomu yake, swali baada ya swali, na kwa kweli hakupata pa kuweka kosa. Kisha wakaketi kula chakula cha mchana, ili Orlin aonje.

Mhudumu akaja na sahani ya nyama ya kuoka, viazi vya kuponda na mchuzi. Ilikuwa ikifuka moshi.

"Mzee Orlin, utakula nyama?"

"Hapana, asante," akasema Orlin. "Nipo sawa."

Sahani ikaondoka. Baada ya muda mhudumu akarudi na keki ya tufaha.

"Na hii je, mzee?"

"Aa, usijisumbue."

Keki nayo ikaondoka. Orlin akabaki ameweka mikono mapajani, uso umetulia, anangoja kama mtu aliyeko kituoni na anajua basi linakuja. Verna alikuwa kwenye swali la thelathini na saba, la ngazi za dharura. Aliinua macho akamwona kaka yake mbele ya meza tupu, na penseli ikasimama.

Watu wa huko wana utaratibu wao, na hawaandiki popote. Ukikaribishwa chakula, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa, ila kwa sauti ya chini zaidi. Ya tatu unasema, haya basi, kidogo tu, nisije nikawaudhi. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayekaribisha mara moja akanyamaza, amekufukuza. Mwaka 1961 Orlin alirudi kutoka harusini na njaa, kwa sababu bibi harusi alikuwa mtu wa Chicago na aliuliza mara moja tu, na ukoo mzima ulimsema mwanamke yule hadi alipozikwa. Sisi tunasema mwenye njaa hana miiko. Huyo aliyesema hivyo hakuwahi kukaa meza moja na Orlin. Orlin alikuwa amesahau mwezi, amesahau rais, amesahau kwamba shemeji yake, mume wa Verna, alikufa na yeye akabeba jeneza. Kukataa hakusahau.

"Hajala," Verna akamwambia meneja.

"Amekataa, mama."

"Ndiyo. Sasa mwambieni mhudumu amuulize tena."

Bi Courtney akatabasamu. "Hapa tunaheshimu sana haki ya mkazi kukataa. Imeandikwa kabisa."

"Hajakataa. Amesema hapana."

"Mama, kwetu sisi hapana ni hapana."

Verna akamwinua Orlin kitini. Kisha akamwambia, "Mna samaki wazuri," na katika wilaya ile kusifu kitu kidogo na kuyaacha mengine yote ni tusi zito, ila Bi Courtney hakuwa mtu wa kwao, akashukuru. Ndani ya gari Verna alifungua mikate miwili ya nyama aliyokuja nayo, akamkaribisha kaka yake mara tatu. Orlin alikula wake, akala na wa Verna.

Verna alipofika nyumbani alikaa mezani na ile fomu. Mbele yake alimwona Orlin amekaa pale kando ya ziwa, Desemba, Januari, milo mitatu kwa siku, kila mlo anakaribishwa mara moja tu, anakataa kwa adabu, anapungua huku haki zake zikiheshimiwa. Alishikwa na hofu ambayo hakuwahi kuipata hata siku ile ya zizi. Chini kabisa, baada ya swali la arobaini na mbili, akaandika kwa mkono wake: 43. Wanauliza mara ngapi?

Kuanzia siku hiyo alikwenda peke yake, na jinsi yake ya kukagua ilikuwa rahisi. Aliingia, akaketi, akangoja kukaribishwa kahawa, akakataa, akahesabu. Makao ya pili walimwonyesha mashine ukutani, wakamwambia abonyeze mwenyewe. Ya tatu walimkaribisha, akakataa, wakamwambia "sawa" kwa furaha nyingi. Ya nne walimuuliza hadi mara ya pili, na Verna akapata matumaini, kumbe yule mhudumu alikuwa amesahau tu kwamba alishauliza.

Gretchen akapiga simu. "Mama, ile ya ziwani ina nyota tano! Watu wanaandikisha majina mwaka mzima."

"Nyota haziliwi."

"Sasa unatafuta nini hasa? Nikusaidie kutafuta."

"Mtu msumbufu," akasema Verna, na akaaga.

Makao ya tano yalikuwa Skarvik, mji wa mitaa mitatu na ghala la nafaka. Yalikuwa na nyota mbili. Ukumbi ulinuka kabichi. Tangi la samaki lilikuwepo, samaki hawakuwepo, ila kasri la plastiki peke yake ndani ya maji. Verna alikuwa karibu kugeuka pale alipotokea mhudumu aliyejifunga mtandio wa kijani, mwanamke wa miaka arobaini hivi, jina lake Sagal Warsame, akiburuta kiti.

"Karibu, mama. Kahawa?"

"Hapana, asante. Sikai."

"Nimeshaichemsha lakini."

"Usijisumbue. Nimekunywa nyumbani."

"Ya nyumbani ni ya nyumbani, na hii ni ya hapa." Sagal alikuwa tayari ameshika kikombe. "Kidogo tu. Nikimwacha mgeni mkavu mama yangu atajua, yuko Kismayu lakini atajua, na atanipigia simu."

"Haya basi," Verna akasema. Akaketi. "Nusu kikombe."

Sagal akamjazia hadi ukingoni, akaongeza biskuti mbili ambazo hakuna aliyeziulizia. Hilo nalo lilikuwa jibu sahihi.

"Wewe mtu akikwambia hapana, unamuuliza tena?"

"Kwani hapana ya kwanza ni jibu, mama? Si salamu tu hiyo?"

"Kuna watu wanasema ni haki yake."

"Haki ipo. Lakini asiyetaka kweli hasemi kwa mdomo, anageuza uso. Anasukuma sahani. Hiyo naielewa, namwacha." Sagal akacheka. "Wazee wa huku walinitesa mwezi wa kwanza. Wote hapana, hapana, na macho yako kwenye mkate. Nikajisemea, aa, hawa nawajua. Hawa ni kama shangazi zangu."

Verna alikunja fomu yake bila kujaza hata swali moja.

Ikabaki kumwambia mwenyewe. Alingoja mahindi ya jirani yavunwe, maana Orlin asingeondoka shambani mavuno yakiwa bado, hata kama shamba lilikuwa linalimwa na mtu mwingine kwa miaka kumi na moja. Kisha wakiwa jikoni, jua la saa nne likiingia dirishani, akampa kahawa yake na kusema bila kuzunguka.

"Kaka, kuna nyumba Skarvik. Kuna watu wazuri. Utakwenda kukaa pale?"

"Hapana," akasema Orlin. "Nipo sawa hapa."

Verna akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Ni pazuri, kaka. Kuna joto. Wanapika. Utakwenda?"

"Hapana, dada. Wasijisumbue."

Mwanamke aliyeendesha basi kwenye barafu akiwa na watoto hamsini nyuma yake aliweka kijiko chini, akakichukua tena. Hakuna aliyemlazimisha kuuliza tena. Angeweza kuishia hapo. Theluji ilikuwa wiki tatu mbele.

"Kaka. Utakwenda?"

Orlin alitazama nje, kule kwenye zizi. "Haya basi," akasema. "Kama itakusaidia."

Mpaka leo Verna hajui kama kaka yake alikubali au alichoka. Amejaribu kujiambia kwamba utaratibu ni utaratibu, kwamba hapana mbili na haya basi ni ndiyo, kama ilivyokuwa tangu enzi za babu. Lakini utaratibu ule ulitungwa kwa ajili ya viazi. Hakumweleza Gretchen habari hiyo, wala mchungaji.

Skarvik walimpokea Oktoba ishirini na nne. Verna alibandika karatasi juu ya kitanda, kwa herufi kubwa: ORLIN AKISEMA HAPANA, HAJASEMA KITU. MUULIZENI MARA TATU. Mkaguzi wa serikali alipopita akataka ibanduliwe, Sagal akaibandua, mkaguzi akaenda, ikarudi. Orlin aliongezeka uzito. Alikuwa akiuliza kama ng'ombe wamekamuliwa, na Sagal, ambaye kwao walifuga ngamia, alimjibu kila siku kwamba wamekamuliwa na wametoa vizuri. Verna alikuja kila Jumanne na Ijumaa na kukaa saa mbili. Alihuzunika kila alipoondoka, na alilala vizuri kila aliporudi, na hili la pili ndilo lililomtia aibu.

Aprili, siku ya Ijumaa, Sagal alimkimbilia mlangoni.

"Mama, leo nina habari! Mzee wetu asubuhi nimemwambia, uji? Akasema ndiyo. Hapo hapo! Sijamaliza hata kuuliza. Na mchana vile vile. Tumempigia makofi."

"Ndiyo, mara ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa. Amezoea, mama. Sasa anajiona yuko kwake."

"Vizuri," akasema Verna.

Orlin alikuwa dirishani, amevaa sweta la mtu mwingine. Verna akavuta kiti, akafungua mkebe wa vipande vya keki ya limau alivyooka jana, ambavyo kaka yake alivipenda tangu utotoni na ambavyo hakuwahi, hata siku moja katika miaka themanini na tatu, kuvipokea bila kubembelezwa. Akamsogezea.

"Kaka, kipande kidogo?"

"Ndiyo," akasema Orlin, na mkono ukaingia ndani ya mkebe.

Alikula haraka, makombo yakadondoka kwenye sweta. Hakutazama ni nani aliyempa. Sagal alikuwa mlangoni anatabasamu, na Verna asingeweza kumweleza yule mwanamke mwema kwamba kitu kile alichozunguka makao matano kukilinda, ile hapana ya kaka yake, ndicho kilichokwisha asubuhi ile, mbele ya bakuli la uji, kikapigiwa makofi. Macho yalimjaa maji. Akauinua mkebe tena, kana kwamba kaka yake amekataa.

"Kaka," akasema. "Hakika hutaki? Kidogo tu?"

Orlin akaacha kutafuna.

"Kwa ajili yangu," akasema Verna. "Kipande kimoja?"

"Si nimeshakwambia ndiyo, mama?" akasema Orlin, bila hasira, kama anavyojibiwa mtu baki, na akanyoosha mkono.

Verna akampa.